Msanifu wa Mabanzi

Hakuweza kupita kando ya lundo la mabaki ya mbao bila kusimama. Hata akiwa amevalia nguo za ibada, viatu vinang'aa, angeinama nje ya karakana ya fenicha, aokote kipande kifupi cha saipresi ambacho fundi alikikata na kukitupa, akinuse, akibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akitie kwenye mkoba wake katikati ya Biblia na miwani. Wakati wa sadaka ulipofika akafungua mkoba, harufu ya msitu ilitoka kabla ya pesa. Sisi wa benchi lake tulizoea.

Tulimwita Msanifu kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi katika ofisi moja mjini Nakuru: kuchora majengo. Alikotoka kabla ya hapo, na nani alimzaa nani, sikuwahi kuuliza. Mimi nilimkuta mvi zimeshamjaa, akihamia ploti iliyopakana na yetu huku juu Molo, na lori zima la vitu ambavyo mama yangu alidhani ni viti na makabati. Lori lilipofunguliwa, lilikuwa na kabati moja na kitanda kimoja. Vingine vyote vilikuwa vipande vya mbao.

"Mathe, hizi kuni zote ni za nini?" dereva alimuuliza Msanifu akishusha.

"Hizo si kuni."

"Sasa ni nini?"

"Ni nyumba. Haijapangwa tu."

Dereva alimtazama mama yangu, mama yangu akatazama ng'ombe.

Wengi pale kijijini walimwita Injinia, na kila mara aliwasahihisha kwa utulivu uleule, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. "Mimi si injinia. Injinia ndiye ananizuia nisiue watu." Wazee walicheka, kesho yake wakamwita Injinia tena.

Alikuwa na kitu kimoja alichokitaka, na chochote nitakachosema juu yake kinazunguka hicho. Chekechea ya kanisa letu ilikuwa chumba cha mabati. Mwezi wa saba huku kwetu ukungu hulala shambani mpaka saa nne, viazi huchimbwa na mikono iliyokufa ganzi, na bati la ukutani hutoa jasho la baridi kwa ndani. Asubuhi moja, muda si mrefu baada ya kuhamia, aliingia kuwasalimu watoto. Akakuta mwalimu amewasimamisha wote wanaruka na kupiga makofi, kwa sababu vidole vyao havikuweza kushika penseli. Msanifu alisogea ukutani. Aliweka kiganja chake kwenye bati, akakiacha hapo kidogo, akakitoa na kukifuta kwenye sketi. Tangu siku hiyo alitaka kuwajengea watoto wale darasa lenye joto, na alitaka kulijenga kwa vitu ambavyo viwanda vya kupasua mbao vilikuwa vikivitupa.

Na vilitupwa vingi. Anayepita njia zetu za juu, kuelekea Elburgon, ameviona: vilima vya vumbi la mbao vinavyofuka moshi wiki nzima, na mabanzi yaliyorundikwa kando ya barabara, vile vipande vya pembeni vyenye gome ambavyo hubaki gogo likishatoa mbao nzuri. Msanifu aliuangalia ule moshi kama mtu anayeangalia maziwa yakimwagwa. "Mti umekaa miaka yote hiyo ukinywa mvua," aliniambia siku moja, "halafu tunachukua kifua chake, mikono na mgongo tunachoma. Si kwa ubaya. Hatujui tu pa kuviweka."

Kutembea naye mjini Nakuru kulichosha miguu na kufurahisha roho. Majengo aliyaita huyu na yule. "Huyu amevaa tai lakini anatoka jasho," alisema juu ya ofisi moja ya vioo vitupu. "Yule ana mabega mazuri, wamemharibu kichwa." Mbele ya ghorofa moja iliyoelekea jua la mchana alisimama, akatikisa kichwa. "Huyu ni wangu. Mpaka leo wanaofanya kazi ndani yake wananunua feni. Nilikuwa kijana, nilipenda kioo." Hakuwa na aibu wala majigambo. Alilisema jengo lile kama mzazi anavyomsema mtoto aliyekataa shule lakini bado anamtumia salamu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sitayaficha. Yeye aliyehubiri mbao alilala katika nyumba ya mawe, aliyoinunua ikiwa tayari imejengwa, na kila masika aliilaani. Mezani kwake palikuwa na maua ya plastiki, mekundu kuliko ua lolote lililowahi kuota duniani, naye aliyapangusa vumbi kila Jumamosi. Sebuleni palikuwa na meko ya mawe ya zamani ambayo hayakuwahi kuona moto, kwa sababu kila kipande cha mti kilichoingia nyumba ile kilikuwa na kazi inayokingojea. Alipika kwa gesi. Wageni wa mwezi wa saba walikunywa chai yake wamekumbatia vikombe, wakaaga mapema. Mama yangu alikuwa akisema, "Kwa Msanifu utakula vizuri, utakunywa vizuri, lakini nenda na blanketi."

Hasira zake zilikuwa fupi na za ghafla, na mara nyingi zilielekea misumari. Alimkemea fundi aliyepinda msumari kama vile amempinda mtoto. Baada ya nusu saa ungemkuta anamkatia fundi huyohuyo kipande kikubwa cha keki.

Karibu na ua wake alijenga ukuta mmoja tu, usio na nyumba, usio na paa isipokuwa bati dogo la kuukinga mvua. Watu walipita wakiuliza ni wa nini. Huo ndio ulikuwa ukuta wake wa kujaribia. Alichukua mbao fupi, zile ambazo fundi yeyote huzitupa kwa kuwa hazifiki urefu wa mlango, akazipanga zikishikana mabega, mwisho wa moja ukilala katikati ya nyingine, akazigandisha kwa gundi na kuzipigilia mpaka zikawa nguzo ndefu. Kati ya mbao za nje na za ndani aliacha nafasi ya kiganja, akaijaza maranda na vumbi la mbao vilivyokandwa na udongo na chokaa, vikikauka vinakuwa kama mkate uliolala. Ndani akapaka udongo laini. Nje akayapanga mabanzi yakilaliana kama magamba ya samaki, gome likiangalia barabara. Gome alilipenda mno. "Mvua inalijua gome," alisema. "Zimezoeana."

Nilikuwa nikitoka Nakuru wikendi, nilikofanya kazi ya uandishi, naenda kumsaidia. "Mwandishi, shika hapa," aliniita, "leo uandike kwa nyundo." Nilijifunza kwake kwamba mti ukikatwa haufi mara moja. Huendelea kunywea, kujikunja, kutafuta pa kukaa. Banzi bichi likipigiliwa leo, mwakani litaacha mwanya wa kupitisha upepo na panya. Kwa hiyo mabaki yote yalipaswa kupangwa safu safu juu ya mawe, na vijiti katikati ili hewa ipite, yakae kiangazi kizima na zaidi. Ploti yake haikutosha. Kamati ya kanisa ikamruhusu apange nyuma ya kanisa, palepale darasa litakapojengwa, huku wenyewe wakiendelea kubishana kama watalijenga au la.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo ambalo hata leo watu wa Molo wakilisimulia lazima waketi.

Kwetu, sherehe ya kanisa ikija, akina mama wa mapishi hawaulizi kuni ni za nani. Mti ukishakuwa mkavu, umepangwa vizuri, na uko ndani ya ua wa kanisa, huo ni wa sufuria. Kila mtu anajua hivyo, kama anavyojua kwamba viti vya kanisa ni vya matanga yote. Tulipokuwa tunampokea mchungaji mpya, Msanifu alikuwa Nakuru kumwona bintiye. Akina mama walifika alfajiri, wakaona nyuma ya kanisa kuni nzuri ajabu, kavu, zimepangwa kwa heshima na vijiti katikati. Kiongozi wao, mwanamke mkubwa wa sauti na wa moyo tunayemwita Mama Mapishi, alisimama mbele ya safu zile akasema, "Mungu ambariki aliyefanya hii kazi."

Msanifu alifika saa sita, ibada ikiwa inaisha. Alipita nyuma ya kanisa. Nilimwona akisimama. Masufuria yalikuwa yamekaa juu ya mafiga, mukimo, wali, nyama, na chini yake vile vipande alivyovinusa kimoja kimoja vilikuwa vinawaka bila moshi hata kidogo.

"Injinia!" Mama Mapishi aliita, uso unang'aa kwa jasho na furaha. "Hizi kuni zako ni tamu! Hazitoi moshi. Umezipata wapi?"

Msanifu alizunguka mafiga. Akaangalia zilizobaki.

"Mmepika nini na zile za pale kwenye ukuta wa kanisa?"

"Hizo ni za nyama."

"Hizo zilikuwa upande wa mashariki wa darasa," alisema polepole. "Na hizi za wali ni madirisha."

Mama Mapishi alishika kiuno, akaangalia sufuria, akaangalia safu iliyoliwa nusu, na uso wake ukashuka. "Ngai! Si ungeandika hata kibao?"

Nilidhani Msanifu atalia, au atafoka kama alivyofoka kwa misumari. Alivuta kigoda, akakaa. "Basi nipeni sahani," alisema. "Kama ni ukuta wangu, niule." Akala nyama, akaongeza. Aliporudi nyumbani alijifungia siku mbili, na mama yangu alimpelekea uji dirishani.

Lakini ule moto ulifanya jambo ambalo miezi ya kubishana haikuwa imefanya. Akina mama wa mapishi walijiona wana deni la darasa. Kila mmoja akawa anapita kwenye kiwanda au karakana iliyo karibu naye, anaomba mabaki, anayaleta mgongoni, kwa punda, kwa mkokoteni wa viazi. Safu zikajengwa upya, safari hii na kibao kikubwa: HII SI KUNI. Chini yake mtu akaongeza kwa makaa: ULIZA MAMA MAPISHI.

Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, aliyepinga mabanzi tangu mwanzo, hakusogea. Alikuwa mwanamume mpole, mkulima wa viazi, mwenye sauti ya chini ambayo ilifanya watu wote wanyamaze ili wamsikie. Katika mkutano alisimama, kofia mkononi.

"Mimi sina ubaya na mama," alisema. "Lakini mtoto wangu hatasomea kwa nyumba ya mabanzi. Tutangoja mawe."

"Tumengoja mawe tangu mimi niolewe," Mama Mapishi alisema kutoka nyuma, "na sasa mimi ni nyanya."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Na ikishika moto? Nyinyi si ndio mlionyesha vile inawaka?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Msanifu alilipokea kwa haki. Aliwaalika wote kwenye ukuta wake wa kujaribia. Akamwambia Mama Mapishi awashe moto wa kupikia, mkubwa kama wa harusi, ukiegemea ule upande uliopakwa udongo. Walipika chai ya watu wote. Walipika maharagwe, na maharagwe si kitu cha haraka. Moto ulipoondolewa, udongo ulikuwa mweusi na umepasuka nyufa ndogo. Msanifu akaukwangua kwa mwiko, akachimba mpaka kwenye maranda. Yalikuwa na rangi ya kahawia kwa juu kidogo. Ndani zaidi yalikuwa vilevile alivyoyaweka. Mama Mapishi akazunguka nyuma, akaweka shavu lake kwenye mbao za upande wa pili.

"Baridi," alitangaza. "Huu ukuta umekataa kuiva."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alisubiri waishe, kisha akazunguka nyuma naye, mahali ambapo mabanzi yalikuwa yamepangwa kama magamba. Nilikuwa nimesimama hapo na Msanifu, ndiyo maana nilisikia.

"Mama, moto nimeona," alisema. "Nashukuru. Lakini si moto."

"Ni nini?"

Aligusa gome kwa kidole kimoja. "Wakati tulifukuzwa kule kwetu, nilikuwa mdogo. Tulikaa kwa nyumba ya hizi, miaka. Baba aliokota kando ya barabara. Usiku nilikuwa naangalia hii ngozi ya mti, upepo unapita hapa, na hapa. Shuleni wenzangu walikuwa wananiita Banzi. Mpaka leo nikiona hii kitu, nasikia hiyo baridi." Akarudisha kofia kichwani. "Wewe unaona mti. Mimi naona huko."

Msanifu, ambaye alikuwa na neno kwa kila jengo la Nakuru, aliweka kiganja chake kwenye gome. Walisimama hivyo, wawili, wakiangalia ukuta mmoja. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Bila gome, je?"

"Bila gome?"

"Nikilitoa lote. Nipige randa mpaka banzi liwe laini kama meza. Utaona nini?"

Mwenyekiti alipitisha tena kidole kwenye gome. "Sijui," alisema. "Lete moja nione."

Kesho yake alfajiri nilimsikia ng'ambo ya ua, kwa randa lake la mkono, kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa analiondoa gome alilolipenda. Alinuna kazi nzima, nisidanganye. Alilalamikia randa, alilalamikia baridi, alinilalamikia mimi. Lakini lilipotoka, chini ya lile gome la kijivu palikuwa na mbao ya rangi ya asali, na vifundo vyake vilikuwa kama macho yaliyofunguka. Banzi hilo alilipeleka mwenyewe shambani kwa mwenyekiti, amelifunga kwenye leso kama mtoto. Mwenyekiti aliacha jembe, akafuta mikono kwenye suruali, akalipapasa kuanzia mwisho hadi mwisho.

"Hii haifanani na yetu," alisema.

"Ni ileile."

"Najua. Nasema tu haifanani." Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia bei ya mbolea, "Hilo randa lako, kuna lingine?"

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Wazazi walikuja na mapanga na visu vya kumenyea viazi, wakamenya mabanzi, na kwa kweli hakuna watu duniani wanaojua kumenya kama watu wa Molo. Walitaniana nani anamenya nene. Maranda hayakuguswa na moto, yaliingia moja kwa moja kwenye udongo na kutoka hapo ukutani. Injinia wa kweli alikuja kutoka mjini, akapanda juu ya nguzo zilizounganishwa, akarukaruka, akashuka, akaagiza ziongezwe mbili upande wa upepo. Msanifu aliziongeza bila kunung'unika. Mwenyekiti ndiye aliyepigilia banzi la mwisho, na hakutoa hotuba.

Miguu ya Msanifu ilianza kumkatalia muda mfupi baadaye. Bintiye akamchukua Nakuru, na kwa muda nilikuwa nikimwona huko, kwenye ghorofa ya tatu, akiyasema majengo yaliyoonekana dirishani. Darasa aliliacha kabla halijapitia mwezi wa saba hata mmoja. Hakulizungumzia sana. Aliuliza tu, mvua ikinyesha, "Kule kunanyesha?" na nilijua anauliza nini. Darasa la mchana wenye jua, hata mjinga hulijenga. Alitaka kujua la baridi.

Mwaka huu, mwezi wa saba, nilimchukua kwa pikapu ya binamu yangu tukapanda naye. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani, tukaendesha taa zikiwaka mchana. Tulipofika nilimshika mkono, tukavuka ua wa kanisa polepole. Kwa nje, mabanzi yalikuwa yameanza kugeuka kutoka rangi ya asali kuwa ya fedha. Aliyatazama, akanung'unika kitu juu ya msumari mmoja.

Mwalimu wa chekechea alikuwa mgeni, msichana aliyetoka chuoni, hakumjua. Alituletea viti viwili vya watoto, tukakaa magoti yakigusa kidevu. Watoto walikuwa wameinama wanaandika. Ulisikika mkwaruzo wa penseli tu, na mmoja aliyekuwa akiimba herufi chini ya pumzi. Karibu na mlango, chini kabisa, palikuwa na lundo la sweta za bluu, zimetupwa ovyo, mikono imegeuka ndani nje.

"Karibuni," mwalimu alisema kwa heshima. "Mmetoka kwa kamati?"

"Tumekuja kuona tu," nilisema. "Darasa likoje?"

"Ni zuri." Akasita, akamtazama Msanifu, kama anayepima kama aseme. "Lakini wazazi wananisumbua. Kila siku sweta zinapotea. Mmoja anaenda na ya mwenzake, mwingine anarudi nyumbani bila. Jana mama mmoja amenigombeza hapo nje."

"Kwa nini zinapotea?" Msanifu aliuliza.

"Si wanazivua. Wakikaa kidogo humu ndani wanasikia joto, wanavua zote, wanatupa pale. Nimewaambia wakae nazo, wanakataa."

Msanifu aliinama mbele kwenye kile kiti kidogo, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Sema tena," alisema.

Mwalimu akadhani masikio ya mama yamechoka. Akasogea karibu, akarudia lalamiko lake lote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.

"Sweta! Zinapotea! Watoto wanasikia joto!"